Kero za mgahawani: anachonung'unikia mteja ndicho kinachomla mwenye mtaji

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotafuta mahali pa kuweka akiba zao mara nyingi huitazama kwanza biashara ya chakula. Hoja yao inajulikana: watu watakula tu, bei ya kahawa ipande au ishuke, na fedha inaingia mkononi siku ile ile. Kinachosahaulika ni yale anayoyasema mteja akiwa njiani kurudi ofisini, kwamba chakula kilichelewa, alichoagiza hakikuwepo, bili ilikuja na nyongeza asiyoielewa na chenji haikurudi.

Manung'uniko hayo huchukuliwa kuwa suala la tabia. Mhudumu hana adabu, mpishi mvivu, mwenye mgahawa hajali. Kwa mtu anayetaka kununua hisa katika mgahawa, au kulipa kilemba ili aupokee kutoka kwa anayeondoka, maelezo hayo hayana msaada. Sehemu kubwa ya kero za mezani huanzia kwenye hesabu: mtaji wa kuendeshea umekauka, mshahara hautoshi, foleni imekwama kaunta, au mauzo hayapiti kwenye daftari. Anayejua kuzisoma anaweza kuifahamu hali ya mgahawa kabla hajaonyeshwa kitabu chochote cha fedha.

"Kimeisha"

Kero inayoongoza jijini Dar es Salaam ni ile ya menyu ndefu na jiko fupi. Mteja anapewa orodha yenye vyakula hamsini, anaisoma, anachagua, anaambiwa kimeisha. Anachagua cha pili, nacho hakipo. Mwishowe mhudumu anamtajia vilivyopo: wali kuku na ugali samaki. Mteja hujiuliza kwa nini hakuambiwa hivyo tangu mwanzo.

Jibu ni kwamba menyu ilichapishwa siku mgahawa ulipofunguliwa, fedha ikiwa bado nzima. Tangu hapo kodi ya pango imelipwa kwa miezi sita au mwaka mzima mbele, meza na majiko vimenunuliwa, na kilichobaki kwa ajili ya kununulia nyama, mchele na mafuta ni kidogo. Muuza samaki wa Feri na muuza nyanya wa Kariakoo wanataka taslimu. Wakati huo huo ofisi za jirani zinakula kwa daftari na kulipa mwisho wa mwezi, na nyingine hupitisha hapo.

Mfano wa hesabu unaonyesha ukubwa wa tatizo. Ofisi moja yenye watu 15, kila mmoja akila mlo wa sh. 6,000 kwa siku 22 za kazi, inadaiwa sh. 1,980,000 kwa mwezi. Ikichelewa kulipa kwa miezi miwili, sh. 3,960,000 za mwenye mgahawa ziko mifukoni mwa watu wengine. Huko ndiko ilikokwenda ile nyama ya mbuzi iliyoandikwa ukurasa wa pili wa menyu. Mgahawa unaweza kuwa na faida katika makaratasi na ukashindwa kununua kitunguu asubuhi.

Jambo la pili ni baridi. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024 uliwaozeshea vitu wengi wenye mafriji. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, ambalo uwezo wake wote ni megawati 2,115, ulianza kuzalisha umeme Februari 2024 na hali ya uzalishaji ikabadilika. Hata hivyo, mwenye mgahawa asiye na jenereta bado ana sababu ya kununua kidogo kidogo, na anayenunua kidogo kidogo huishiwa mapema.

Hapo ndipo mama lishe anapomshinda mwenye mgahawa wa vigae na viyoyozi. Ana vyakula vitatu au vinne, masufuria yako wazi, bei inajulikana na mteja huona kwa macho yake kama maharage yapo au hayapo. Ikifika saa 9 alasiri masufuria ni matupu na mtaji wake wote umerudi mkononi ukiwa na kilichoongezeka. Hana stoo ya kuozea vitu. Wapo wenye migahawa wanaomdharau huku wao wenyewe wakituma watu wakawanunulie chakula kwake.

Kuna pia historia katika neno "hakuna". Katika miaka ya uhaba, mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1980, soko lilikuwa la muuzaji. Mnunuzi aliyepata alishukuru. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, na mpango wa kufufua uchumi wa mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, uliendeleza mwelekeo huo. Soko likawa la mnunuzi. Kuna kaunta ambazo habari hiyo haijazifikia.

Dakika ishirini zina bei

Kero ya kuchelewa ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo isiyohesabiwa. Chukua mgahawa wa viti 40 ulio karibu na maofisi. Chakula cha mchana, ambacho ndicho uti wa mgongo wa mauzo yake, kina saa mbili tu, kuanzia saa 6:30 hadi saa 8:30. Mteja akimaliza shughuli yake yote kwa dakika 40, kila kiti kinaweza kukaliwa mara tatu na jiko likatoa sahani 120. Akikaa saa nzima, kiti kinakaliwa mara mbili na sahani ni 80.

Kwa wastani wa sh. 8,000 kwa sahani, tofauti ni sh. 320,000 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 26 za biashara ni sh. 8,320,000. Hesabu hiyo inachukulia kuwa watu wapo mlangoni wakitafuta nafasi, jambo ambalo si la kila mtaa, na kwamba jiko linaweza kumudu sahani hizo zaidi. Lakini palipo na foleni, kodi ya pango ni ile ile, mlinzi ni yule yule, na gharama inayopanda sana ni ya chakula chenyewe.

Ajabu ni kwamba dakika hizo 20 mara nyingi hazipotelei jikoni. Pilau na mchuzi huwa viko tayari tangu saa 5. Muda unapotea mwanzoni, mteja akingoja kuonwa, na unapotea zaidi mwishoni, akiwa amemaliza kula na anataka kulipa. Mhudumu anakwenda kaunta, kaunta kuna mashine moja ya risiti na mtu mmoja wa kuibonyeza, bili inaandikwa, inapelekwa mezani, fedha inarudishwa kaunta, chenji inatafutwa, inapelekwa tena. Mteja anataka kuondoka na mwenye mgahawa anaitaka meza, na wote wawili wanamngoja mtu mmoja. Mgahawa wenye mazoea ya kumlipisha mteja kaunta anapotoka, au kumpelekea bili pamoja na matunda, umeokoa sehemu kubwa ya muda huo bila kununua jiko jipya.

Kuna upande wa saikolojia pia. David Maister, mtaalamu wa biashara za huduma, aliandika mwaka 1985 kuhusu namna watu wanavyohisi wanapongoja. Kwa maelezo yake, muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko wenye shughuli, kungoja bila kujua mwisho kunaudhi kuliko kungoja kunakojulikana, na kungoja kabla huduma haijaanza ni kuchungu kuliko kungoja ikiwa imekwisha kuanza.

Wenyeji wa pwani walikuwa na dawa ya hili bila kusoma kitabu. Mhudumu anayemfikia mgeni na birika la maji ya kunawa mara tu anapoketi amemwambia kuwa shughuli imeanza. Akimletea na soda, mgeni anaweza kungoja robo saa bila kutazama saa. Kinyume chake ni ile "inakuja" ya kila baada ya dakika tano, ambayo humfanya mteja asiamini hata bei. Kumwambia ukweli kwamba samaki wa kukaanga atachukua dakika 25 kunampa nafasi ya kuchagua kingine.

Bili yenye mkia

Mteja aliyeona sh. 15,000 kwenye menyu hukasirika akiletewa bili ya sh. 17,700. Nyongeza ya sh. 2,700 ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18 tangu Julai 2009 kiliposhushwa kutoka asilimia 20. Kama menyu ingeandika sh. 17,700 tangu mwanzo, huenda mteja huyo huyo angelipa bila neno. Kinachomuudhi ni kushtukizwa baada ya kula, wakati hawezi tena kurudisha sahani.

Mwenye mgahawa huificha kodi kwa sababu jirani yake hana kodi hiyo. Tangu Julai 2023 anayelazimika kusajiliwa kwa VAT ni mwenye mauzo ya kuanzia sh. milioni 200 kwa mwaka. Ule mgahawa wa mfano wenye kuuza sahani 80 za sh. 8,000 unaingiza sh. 640,000 kwa siku, na kwa siku 312 za mwaka ni sh. 199,680,000. Umesimama mlangoni kabisa mwa kodi. Ukiharakisha huduma na kufikisha sahani 120, unaingia ndani, na kila sh. 8,000 inayopokelewa kwa bei ile ile inakuwa na sh. 1,220 za serikali ndani yake. Kodi aliyolipa kwenye baadhi ya manunuzi anaweza kuidai, lakini mboga za sokoni hazina ankara ya VAT ya kumsaidia.

Kwa hiyo wapo wenye migahawa ambao hawana haraka ya kukua, au wanaokua bila mashine kujua. Mashine za risiti za kielektroniki, EFD, zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na swali la "unataka na risiti au bila risiti?" halikuchelewa kuzifuata. Mteja hulichukulia kama punguzo. Mnunuzi wa biashara anapaswa kulisikia kama onyo, kwa kuwa anachouziwa ni mauzo ambayo hayataonekana popote siku atakapotaka mkopo wa benki, na deni la kodi ambalo linaweza kumfuata yeye.

Nchini Kenya mkia wa bili ni mrefu zaidi. VAT huko ni asilimia 16, na hoteli na migahawa hulipa pia ushuru wa utalii wa asilimia 2. Baadhi ya nyumba huongeza tozo ya huduma juu yake. Wenye busara Nairobi huandika chini ya menyu kwamba bei zote zimejumuisha kodi na ushuru, na ubishi unaishia hapo.

Mhudumu katikati

Lawama nyingi humwangukia mhudumu, ambaye ndiye mwenye madaraka kidogo kuliko wote. Katika baadhi ya baa na migahawa utaratibu ni kwamba yeye huchukua chakula na vinywaji kaunta kwa dhamana yake, kisha hukusanya fedha mezani. Mteja akitoroka na bili, mhudumu anakatwa mshahara. Mtu wa namna hiyo atasimama karibu na meza, atataka kulipwa kabla ya kula, na atakuwa na uso mkavu kwa mgeni asiyemfahamu. Mteja anaona ukosefu wa adabu. Ukweli ni kwamba mwenye mgahawa amehamishia hatari ya biashara kwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote ndani ya jengo, na adabu ndiyo ya kwanza kuondoka.

Mshahara mdogo ndio pia chanzo cha chenji isiyorudi. Bili ya sh. 9,500 ikilipwa kwa noti ya sh. 10,000, sarafu ya sh. 500 hupotelea njiani kwa maelezo kwamba chenji hakuna. Mteja mwingine angeiacha kwa hiari yake kama ya soda. Akinyang'anywa kimya kimya hatarudi. Bakhshishi inayotolewa na chenji inayozuiwa ni kiasi kile kile cha fedha, na matokeo yake kwa biashara yanapishana kabisa.

Tatizo hilo si la Afrika Mashariki peke yake. Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakhshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa matarajio kwamba bakhshishi itajazia hadi kima cha chini cha dola 7.25. Ndiyo maana mgeni asiyeacha kitu kule huonekana mdhulumaji. Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 inawataka waajiri wawafikishie wafanyakazi bakhshishi yote bila kukata.

Sahani isiyo yake

Kero nyingine zimevuka mpaka wa kero. Mteja anaagiza kuku wa kienyeji, anatozwa bei ya kuku wa kienyeji, analetewa kuku wa kisasa aliyechemshwa kwa muda mrefu na kuungwa nazi ili asitambulike. Kuku wa kienyeji hukua polepole na bei yake sokoni ni ya juu, kwa hiyo faida ya udanganyifu huo inavutia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi. Ni wachache watakaokwenda kwenye Tume kwa ajili ya paja la kuku, na wauzaji wanalijua hilo.

Kuhusu muziki wa kishindo na televisheni mbili zinazoshindana, inatosha kusema kwamba wateja wengi wa mchana katikati ya jiji huja kuzungumza biashara, na ukuta wa saruji wenye sakafu ya vigae haumezi sauti. Choo ni jambo jingine. Choo kisicho na maji kinaeleza hali ya jikoni kwa sababu bomba ni lile lile.

Anayeondoka kimya

Katika haya yote mwenye mgahawa huwa na faraja moja, kwamba wateja hawalalamiki. Mchumi Albert Hirschman alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na huduma ana njia mbili kuu: kusema au kuondoka. Palipo na wauzaji wengi na kuhama hakugharimu kitu, wengi huondoka. Mteja wa chakula cha mchana ana mgahawa mwingine hatua ishirini mbele na mama lishe ng'ambo ya barabara. Anayekaa akafoka ni yule anayetaka kurudi, na ndiye anayeitwa mkorofi.

Ndiyo maana hasara yake haionekani kwa haraka. Mauzo ya mwezi huu yatapungua kidogo, mwenye mgahawa atasema ni Januari, ni karo za shule, ni mvua. Atapunguza nyama kwenye sahani ili afidie. Wateja wataona.

Wawekezaji wakubwa wanalielewa hili vizuri. Java House, iliyoanza na duka moja la kahawa Nairobi mwaka 1999, ilivutia mtaji wa kampuni ya uwekezaji ya ECP mwaka 2012, ikauzwa kwa Abraaj mwaka 2017 na kupita mikononi mwa Actis mwaka 2019. Kahawa nzuri ipo sehemu nyingi Kenya. Walichokuwa wakikinunua ni utaratibu unaomfanya mteja apate kitu kile kile katika tawi lolote, bila kubahatisha.

Mwekezaji mdogo hana wakaguzi wa kutuma, lakini ana tumbo na saa ya mkononi. Anaweza kula katika mgahawa anaotaka kuununua mara nne au tano kabla ya kufungua mazungumzo: Jumatatu, Ijumaa, mwanzo wa mwezi na tarehe 25 mifuko ikiwa mitupu. Ahesabu ni vyakula vingapi vya menyu vilikuwepo. Apime dakika kuanzia alipoomba bili hadi alipotoka. Aombe risiti na aangalie inatoka kwa urahisi kiasi gani, na kwa jina la nani.

Zaidi ya yote atazame namba ya simu anayoelekezwa kulipia. Malipo ya simu yalipoanza nchini mwaka 2008 yalikuwa ya kutumiana fedha, na siku hizi kaunta nyingi zina lipa namba ya biashara ukutani. Mhudumu akisema mtandao wa namba ile unasumbua, tuma kwa hii nyingine na uweke na ya kutolea, basi mteja amepata kero ya gharama isiyo yake, na mnunuzi amepata taarifa. Sehemu ya mauzo inaingia kwenye simu ya mtu. Kabla ya kulipa kilemba ni vema aombe taarifa za miezi 12 za lipa namba, taarifa za mashine ya EFD na daftari la madeni ya maofisi, avilinganishe vitatu hivyo kwa mwezi mmoja mmoja, na aulize tofauti ilikokwenda.